Mkungu Uliouzwa Mara Sita

Mimi ni mtunza hazina wa usharika, hapa Rau,
mwaka wa kumi na moja sasa.
Nisemayo yamo daftarini, kwa wino.

Jumapili ile, baada ya ibada, mnadani,
Mama Ndeonansia alileta mkungu wa mshare
bado unatoka utomvu shingoni.
Dalali wetu, Eliaichi Temu, fundi redio,
akaunyanyua kama mtoto wa kubatizwa:
Elfu tano hapa! Nani anasogeza?
Ukaenda kwa kumi na mbili.
Aliyenunua akasema: Rudisha, uuzwe tena.
Ukaenda kwa kumi na tano. Rudisha.
Ukaenda, ukarudi, ukaenda,
chane moja ikachomoka, ikauzwa peke yake,
hata mara ya sita mwalimu Makundi akaubeba moja kwa moja
kwa sababu, alisema, mke wake
alikwisha kubandika maji ya mtori.

Themanini na sita elfu, mia tano.
Juu ya bahasha nikaandika: MAJERUHI.
Niliandika kwa kinyongo, sifichi.
Kura yangu niliipigia gata la paa.
Masika huwanyeshea sauti ya pili ya kwaya,
na huko sauti ya pili, Mungu ananijua,
ndiko aliko mke wangu.

Wiki mbili kabla alikuja mchungaji wa jeshi,
Kapteni Nkya, kola nyeupe juu ya mabaka ya kijani.
Tulijiandaa kwa mahubiri marefu.
Akaomba chupa ya chai, ile kubwa, isiyovuja.
Akaomba vocha, maana akina mama wa askari
hubipu usiku, naye hawezi kuacha kuwapigia.
Akaomba soksi za pamba.
"Moja moja," akasema. "Msiniletee jozi."

Mahali hakupataja. Alisimulia hili tu:
yuko kijana pale KCMC, wodi ya mifupa,
saa nane usiku unyayo humwasha,
unyayo uliobaki huko, katika udongo wa watu wengine.
"Nikamsomea zaburi.
Akaniambia, Mchungaji, bado unawasha.
Basi nikakuna shuka, pale ambapo unyayo ungekuwa.
Nilikuna mpaka akalala.
Chuoni hawakunifundisha kukuna."

Akaketi. Hakuna aliyesema amina.
Hapo ndipo gata langu liliposhindwa kura.

Mwezi wa saba, baridi, mlima haujaonekana siku tisa,
akaja mwenyewe: Koplo Anaeli Mlay,
suruali imenyooshwa pasi ya kukata,
mguu mmoja ukigonga saruji, ko,
mwingine kimya, ko, kimya,
kutoka mlangoni hadi benchi la nne.
Sote tukaitazama namba ya wimbo ubaoni
kana kwamba tulikuwa hatujawahi kuona namba.

Mnadani alisimama nyuma.
Eliaichi alikuwa na yai moja la kienyeji kiganjani.
"Mia tano!"
"Elfu moja," akasema koplo.
Nani angempandia dau?
Dalali asiyejua kunyamaza akanyamaza.
Mama Ndeonansia akalitafuta pindo la kitenge.
Tukasubiri, usharika mzima,
aseme lile neno letu zuri: Rudisha, liuzwe tena.
Macho yalikuwa yamekwisha kulowa, tayari.

Akalitia yai mfukoni.
"Hili silirudishi," akasema. "Sijanywa chai."

Alicheka kwanza mwalimu Makundi, kisha watoto,
kisha mimi, nikiwa nimeshika kalamu,
wino ukadondoka juu ya jumla ya mwezi wa sita.

Nikaandika: yai, moja. Shilingi elfu moja.
Safu ya maelezo huwa naiacha wazi.
Siku hiyo niliandika: halikurudi,
nikalitazama neno hilo kwa muda
kabla ya kufunga daftari.

Gata bado.
Mke wangu huimba na mwavuli miguuni.